Bia Isiyoonjwa

Watu wa Old Moshi waliuogopa ulimi wa Elisifa, na yeye alijua hivyo wala jambo hilo halikumsumbua. Lakini Elisifa naye alikuwa na hofu yake. Aliogopa kinywaji ambacho aliyekileta hajakionja.

Hakuzaliwa na hofu hiyo. Alikuwa msichana wa darasa la tatu siku baba yake alipokwenda kunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa jirani ambaye walikuwa wanagombea mpaka wa shamba. Jirani akampa kata imejaa hadi mdomoni. Baba akaona haya kumwambia mwenzake aonje kwanza, akaipiga yote. Kesho yake walikuwa wanamchimbia kaburi kwenye kihamba, shamba la ukoo, katikati ya migomba. Ilikuwa sumu au ilikuwa tumbo tu? Daktari wa kusema hakuwapo, na mama yake Elisifa hakumhitaji. "Mwenye pombe huonja ndipo akupe," alimwambia binti yake. "Asiyeonja, mwachie pombe yake."

Elisifa akakua, akaolewa, akafiwa na mume mapema, na akaishi kwa kupika mbege. Ndizi alizichemsha akaziacha zichachuke, ulezi akauotesha akausaga, na gome la msesewe alilitia kwa kiasi, maana uchungu ukizidi wateja wanakuhama. Hata bia za chupa zilipojaa kila duka, nyingine zikipita Holili kutoka Kenya, wazee hawakumhama. Na hakuna kata iliyotoka mkononi mwake bila yeye kuionja kwanza, awe na homa, awe na msiba. Kwa pombe hiyo alimsomesha Anaeli, mtoto wake wa pekee, mpaka akawa muuguzi.

Huyo Anaeli ndiye aliyemletea makubwa. Alipelekwa na kanisa Ujerumani kuongeza masomo, akaolewa hukohuko na Lorenz, kijana aliyewahi kuja kujitolea kwenye hospitali yao. Walifunga ndoa ofisini. Hakuna mkwe aliyepanda mlima na pombe ya mahari. Na kwa Wachaga, binti hujulikana kuwa ameolewa pale mama yake anapoipokea pombe ya wakwe na kuinywa. Akiikataa, ameikataa ndoa. Kwa hiyo miaka yote ile Elisifa alipoulizwa habari za mwanawe alijibu tu, "Yuko masomoni."

Halafu, mwaka wa tisini na saba, akaitwa kwenye simu ya nyumbani kwa mchungaji.

"Mama, njoo utembee," Anaeli alisema. "Baba yake Lorenz ni mpika bia, kama wewe. Tutakuzungusha kwenye viwanda vya zamani, wanakopika kama babu zao walivyopika. Ni likizo, mama, watu wa huku wanaipenda sana. Mwisho tutafika kwake, naye atakupa bia aliyoipika kwa mkono wake. Anasema iwe ndiyo pombe ya mahari."

Elisifa akasema atakuja. Ukiombwa hivyo na mtoto, utasemaje?

Alinunua koti la mtumba sokoni Kiboriloni. Shemeji yake Aminieli akaja kuliangalia, akalipapasa kola.

"Shemeji, koti linarudi kwao," alisema. "Na wewe unakwenda kunywa kwa Wajerumani? Si ndio hao walionyonga wazee wetu hapahapa Old Moshi?"

"Hao walishakufa, Aminieli."

"Walikufa, watoto wamebaki. Haya, sisemi. Ila ukifia huko watakuzika wapi? Hawana hata mgomba mmoja."

Alikuwa anatania. Lakini neno hilo lilipanda naye ndege pale KIA na halikushuka.

Kiwanda cha kwanza kilikuwa ndani ya nyumba ya watawa, na vyungu vyake vya shaba vilikuwa vikubwa kama mabanda ya ng'ombe. Elisifa alinusa, akakijua kimea. Walikuwa wameotesha shayiri kama yeye anavyootesha ulezi. Wakamwonyesha maua makavu ya kutia uchungu, akatafuna moja, akakumbuka msesewe. Kwa muda mfupi moyo wake ulitulia. Kisha wakaketi, na msichana mmoja akaja amebeba glasi mikono yote miwili, akaziweka mezani moja baada ya nyingine, akaenda zake. Hakuonja hata moja.

Elisifa akasema jino linamuuma. Kwenye kiwanda cha pili akasema ni tumbo. Kwenye cha tatu alilowesha mdomo wa juu kwa povu, akajifuta alipoona hawamtazami. Lorenz alikunywa akacheka, mashavu yamemwiva, na wageni wengine wa likizo wakagonganisha glasi na kuimba.

Lakini Elisifa hakuwa anamtazama Lorenz. Alikuwa anamtazama Anaeli, kwa sababu Anaeli naye hakuwa anakunywa. Mtoto aliyekua akilamba povu la mbege kwenye kata, leo kila anapoletewa glasi anaisogeza taratibu kwa mumewe. Tena alikuwa amekonda shingo.

"Mbona wewe hunywi?" alimuuliza kwa Kichaga.

"Sijisikii tu, mama." Na akatazama chini.

Hapo ndipo hofu ilipomkaa Elisifa mifupani. Mimi mgeni siwajui watu hawa, aliwaza, lakini mwanangu anaishi nao. Kama yeye hagusi bia yao, amejua nini?

Siku ya mkwe ikafika. Mzee Alois aliwapokea mlangoni, amevaa aproni ya ngozi, akawatangulia kwenye ngazi za kushuka chini ya ardhi. Bia yake alikuwa anailaza kwenye pango lililochongwa mwambani. Elisifa akasimama kwenye ngazi ya juu. Bibi yake alikuwa akimsimulia mapango ambamo Wachaga walijificha wakati wa vita, na jinsi maadui walivyowafukiza humo kwa moshi. Anaeli akamshika mkono, akashuka. Baridi ilikuwa inatoka ukutani, na mapipa yalikuwa yamelala gizani safu kwa safu.

Mzee Alois akafungua bomba la pipa moja, akajaza kikombe kikubwa cha udongo, akamnyooshea Elisifa kwa mikono miwili.

"Mwambie aonje," Elisifa alisema.

"Mama, siwezi. Huku kunywa kwenye kikombe cha mgeni ni kumdharau."

"Basi onja wewe."

"Siwezi."

"Huwezi, au unaogopa?"

Lorenz akauliza kuna nini.

"Anaeli, nimepika pombe tangu hujazaliwa. Najua mtu anayeikimbia. Hawa watu wamekufanya nini?"

Anaeli akamgeukia. "Nina mimba, mama. Huku daktari hamruhusu mjamzito kunywa. Mbili zilishatoka. Sikukwambia. Niliogopa kukwambia na hii, nayo isije ikatoka."

Elisifa alikuwa amekunywa mbege mpaka wiki ya kumzaa huyohuyo Anaeli. Angejuaje kwamba kuna nchi ambako mimba hunyimwa pombe? Lakini hofu haikumtoka. Iliongezeka. Mbili zimetoka, na zimetoka katika nyumba hii. Akainua macho amtazame vizuri mwenye nyumba.

Mzee Alois alikuwa bado amenyoosha kikombe. Povu lilikuwa linamchuruzikia kwenye vidole vyake vikubwa. Hakuelewa hata neno moja la Kichaga, lakini alikuwa ameelewa kwamba bia yake inakataliwa. Uso ulikuwa umempauka. Anaogopa, Elisifa alijisemea. Ananiogopa mimi.

Basi akafikiri haraka, kama mama anavyofikiri. Mtoto aliye tumboni ni wa nyumba hii, bibi yake apende asipende. Akila atakula vya hapa, akinywa atakunywa vya hapa. Kama mikono hii ina ubaya, afadhali ubaya umpate yeye Elisifa, mzee aliyekwisha kula chumvi nyingi. Ni lazima mtu aonje kwa ajili ya Anaeli na mtoto wake, na mwonjaji mwingine humu pangoni hakuna.

Akakipokea kikombe. Alikunywa mafunda makubwa, macho wazi, wala hakupumzika mpaka alipofika nusu. Kisha akamrudishia Mzee Alois kilichobaki. Mzee akasita, akamtazama mwanawe, akakimaliza. Lorenz akapiga makofi peke yake.

Elisifa akaketi juu ya kigogo karibu na pipa, akamvuta Anaeli akae ubavuni kwake. Akamshika kiganja, mkono wake mwingine ukiwa juu ya tumbo lake mwenyewe, akalisikiliza kama litaanza kuuma.

"Lorenz anauliza kama ni tamu," Anaeli alisema.

"Mwambie asubiri."