Ngoma za Kuazima na Moto Mmoja

Walisema sitaweza. Mjomba, ambaye safari yake ndefu kuliko zote iliishia Bigwa, hapo chini ya mlima, alitangaza kilabuni kwamba cheti nilichopata shule ya Wadachi kule Tanga kinafaa kufunikia mtungi wa pombe.

"Awachezeshe Wakristo wa mlimani na Waislamu wa mjini uwanja mmoja? Labda awafunge kamba!"

Mimi nilisoma kwa kuwachotea watu maji, sikusomeshwa na mjomba yeyote. Nikaenda bomani, nikapata ruhusa ya ngoma, pamoja na askari mwenye kiboko.

Ngoma zenyewe niliziazima pande zote. Wenyewe, watu wa dini kwelikweli, hawakuniamini bila rehani: ikipasuka hata moja, shamba la migomba la mama limekwenda. Mjomba alitoa kingoma kidogo kuliko vyote, akalipigia shamba hilo mahesabu ya mavuno.

Siku ilipofika, manyunyu yakashuka toka mlimani, ngozi zikalegea. Kila upande ukadai moto wake wa kukazia ngozi. Nikazikalia kuni.

"Moto ni huu mmoja. Asiyetaka apige tumbo lake."

Wakausogelea kwa kununa, mabega yakigusana. Mama alifumba macho. Ngumi moja tu, ngoma zingekanyagwa.

"We nyani wa ukunguni, sogea!" alifoka mpiga ngoma wa mjini.

"Nyani ndiye anayekuokolea ngoma, bwana. Inaungua hiyo! Mjini hata kubanika hamjui?"

Huyo wa mlimani akamnyang'anya ngoma, akaigeuza. Wa mjini, mikono mitupu, akadaka ya mwenzake isianguke motoni. Akaigonga kidogo kuijaribu. Mwenzake akajibu. Kabla sijapanga mtu mahali pake, wanawake walikuwa wamekwisha kuingia uwanjani. Askari alitikisa mabega kufuata mdundo. Aliyetangulia mbele, akicheza vibaya kuliko wote, alikuwa Mjomba.

Kesho yake nilizunguka kurudisha. Wa mjini aling'ang'ania kunibebea ngoma ya mlimani hadi juu, eti akague inakolala. Kila mwenye ngoma aligeuza, akagonga, akatafuta ufa, akakosa, akasikitika.

Mwisho nikafika kwa Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba. Deni lako."

Alikigonga kingoma chake mara nyingi, sikio juu ya ngozi.

"Sauti imebadilika," akanung'unika.

"Ndiyo, Mjomba. Imezoea watu."

Mama, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alichukua jembe lake akaenda shambani kwenye migomba yake.