Nyoka wa Mume Wangu Amenikimbizia Wateja

"Nyoka asiye na sumu ni kama paka tu. Serikali isiingilie chumbani kwa mtu."

Maneno hayo yaliandikwa humu humu kundini wiki iliyopita, kwenye mjadala wa kufuga nyoka na mijusi majumbani, nanyi mkayamwagia makopakopa, vile vimioyo vyekundu. Aliyeyaandika namjua vizuri. Anakoroma ubavuni kwangu. Ni mume wangu.

Admin, nifichie jina, ingawa yeye akisoma mistari miwili atanijua. Na anijue!

Nina miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Dar es Salaam. Naishi Guangzhou, China, na mume wangu. Watoto wetu wana miji yao. Nawanunulia vitambaa wafanyabiashara wa nyumbani na wa Kongo. Anayeijua kazi hii anajua kwamba ofisi ni sebule. Asubuhi nazunguka soko la vitambaa la Zhongda, nachukua vipande vya sampuli, nyumbani natia kila aina kwenye mfuko wake wa pamba na kufunga kamba. Mteja akija anavua viatu, anakula wali, ndipo anafungua mfuko mmoja mmoja na kuchagua. Asiyeweza kustarehe kwenye kochi lako hatakukabidhi mzigo wake.

Mume wangu mgongo ulimkataza kubeba marobota, akawa mtu wa kushinda ndani na simu. Siku moja akaletewa sanduku la kioo, taa ya joto na nyoka mwekundu mwenye madoa.

"Laoban aliyeniuzia kasema huyu haumi," akaniambia, uso umemjaa nuru.

Laoban, yaani bosi wa duka! Tangu lini muuzaji akawa shahidi? Ni laoban gani wa Zhongda aliwahi kuniambia kitambaa chake kinachuja? Nikauliza kibali kiko wapi. Akasema aina hii haihitaji. Nani kasema? Laoban. Nikavumilia, kwa sharti kwamba nyoka asitoke chumba cha nyuma.

Mwezi huu akaja Mama Jolie kutoka Lubumbashi, mteja wangu tangu tukiwa na viuno vyembamba, ambaye mizigo yake ndiyo inayotulipia pango. Kala, kashiba, kajinyoosha kwenye kochi, kaanza kufungua mifuko. Kumbe mume wangu alikuwa anasafisha lile sanduku. Wafuga nyoka, wakisafisha, humtia nyoka kwenye mfuko wa pamba na kuufunga. Naye alichukua mfuko wangu, akaufunga kwa kamba yangu, akauweka kwenye kochi langu tukiwa bado mezani, akaenda kuchota maji.

"Njo nini hii, Mama? Mukaba?" Mama Jolie aliuliza akitabasamu, mkono umo mfukoni.

Mkanda ukajikunja kwenye kiganja chake.

Sijawahi kusikia sauti ile ikimtoka mtu mzima. Aliangukia meza, akabaki sakafuni anaita "Mon Dieu! Mon Dieu!" Mume wangu akaja mbio, mikono inachuruzika maji, akapiga kelele: "Taratibu! Msimkanyage, anajivua ngozi!"

Mgeni wetu yuko chini, yeye anamhurumia nyoka.

Mama Jolie aliondoka na kiatu kimoja mkononi. Mlangoni akasema, "Miye sirudie tena humu. Kwetu nyoka ya ndani iko na kazi yake."

Nanyi mnaijua kazi hiyo: kuleta utajiri, na kulipwa kwa damu. Siku ya tatu niliingia kwenye mgahawa wetu Waafrika, barabara ya Huanshi Zhonglu, mwenzangu wa Kariakoo akanipokea kwa sauti: "Karibu, bibi! Kumbe ndiyo maana makontena yako hayakwami bandarini. Una mlinzi!" Wakacheka wote. Nikacheka nao. Lakini hakuna aliyesogea nikae. Wateja wawili wameshanitumia ujumbe wa sauti kwamba sampuli wataziona kwingine.

Sasa nawajibu. Kama paka? Paka akikuchoka anahama. Huyu jua lake ni taa, msitu wake ni jani la plastiki, na mume wangu anaita hali hiyo uhuru. Uhuru wa nani? Mnasema sheria iwazuie wenye sumu tu. Na nani atapima sumu? Mgeni aliyeingiza mkono mfukoni? Sheria ingekataza waziwazi, huku na nyumbani, ningekuwa na cha kumwonyesha mume wangu. Bila hiyo mimi ni mke mkorofi tu. Nikiita polisi, watakaotakiwa pasi ni sisi sote wawili, maana nyumba imeandikishwa kwa majina yetu.

Nimemwomba amrudishe. "Mke wangu, ngoja amalize kujivua ngozi." Ngozi imetoka, kaitandaza dirishani kama leso ya bibi harusi. Sasa anasema, "Ameshazoea chumba." Jana nilimkuta anamsimulia nyoka habari za mgongo wake, kwa sauti ambayo mimi sijaisikia siku nyingi. Nikarudi jikoni. Hilo nalo linaniuma, sitaki kuwaficha.

Mama Jolie yuko hotelini mpaka Jumapili. Nimemsihi, amekubali kuja kula mara moja, sanduku likiwa limetoka. Akipanda ndege bila kukanyaga kwangu, jina langu limekwisha.

Wanawake wenzangu, nipeni akili: nimchague mgeni, au nimwachie mzee wa watu kitu pekee anachozungumza nacho?

Lakini ninyi mliompa makopakopa, hasa mnaoishi hapa Guangzhou, kwenu sitaki ushauri. Mmoja wenu aje Jumamosi. Achukue nyoka, sanduku na taa, amweke sebuleni kwake, mbele ya mke wake. Na akae kidogo na mume wangu, anywe naye chai. Kama hakuna wa kuja, rudini pale chini ya maneno yake mkafute makopa yenu, ayaone yakitoka.