Mama Hamira, mwokaji anayekanda mkate kwa majina ya watu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mlango wa nyuma wa duka uko wazi na harufu ya hamira imeshafika barabarani. Fundi bomba mstaafu ameinamia beseni, mikono imezama kwenye unga. Mkewe, mwenye duka, amekaa kitini pembeni, mkono wa kulia juu ya mto. Anataja majina.

"Mjane wa kona na presha yake. Fundi saa na mguu wake. Yule binti wa mtihani. Na mpangaji mpya, simjui jina, lakini wewe Mungu unamjua."

"Mama watoto, punguza wagonjwa," mume anahema. "Mikono imekufa ganzi."

"Kanda, baba watoto. Wagonjwa hawapungui kwa wewe kuchoka."

Wateja humwita Mama Hamira, na si kwa sababu ya mkate tu. Ukimgandamiza, anaumuka. Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki chenye tanuri moja na saa ya ukutani iliyokufa zamani. Saa ya nini? Yeye hupima ukandaji kwa sala. Huwaombea watu mmoja mmoja, na akifika "amina", unga umelainika. Wateja wanaapa kwamba mtaa ukiwa na shida nyingi, mkate unakuwa mlaini zaidi.

Mwaka jana, akiwa anaoga, aligusa kivimbe.

"Unga ukiwa na bonge, vidole vyangu havilipiti hivi hivi," anasema. "Sasa bonge liwe kifuani kwangu, nilipite?"

Alikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya vipimo, jibu likawa saratani ya titi.

"Niliogopa, nisikudanganye," anamwambia mwandishi. "Imani haimzuii mtu kuogopa, mwanangu. Ila mimi nilikuwa na wa kumwambia kwamba naogopa."

Aliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Kisha daktari akamwonya: mkono huo usikande wala kunyanyua kitu kizito mpaka atakapomruhusu, maana ungeweza kuvimba na usirudi tena kama zamani. Kwa mwokaji, huo ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda. Mikate ilishuka kutoka mia moja na ishirini kwa siku hadi arobaini.

"Titi nililiaga," anasema. "Mkono nisingeweza kuuaga. Ndio kazi yangu, ndio sala yangu."

Ndipo mumewe, mtu ambaye hakuwahi kukaanga hata yai, akaweka spana chini na kufunga aproni. Mkate wake wa kwanza, anakiri mwenyewe, ungeweza kujengea ukuta.

Mizunguko sita ya kemo ilimpukutisha Mama Hamira nywele, tena ikamwondolea ladha mdomoni. Balaa likaanzia hapo, kwa kuwa yeye hapimi chumvi kwa kijiko, anapima kwa ulimi. Alionja unga, hakusikia kitu, akaongeza chumvi. Akaonja tena, akaongeza tena. Siku nne nzima mtaa ulikula mkate wa chumvi tupu na hakuna aliyefumbua mdomo. Walilipa, wakashukuru, wakaenda nyumbani kunywa maji.

Mjane wa kona ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mama Hamira, nakupenda," alisema, "lakini presha yangu haijui kwamba unaumwa."

Akisimulia hayo anacheka mpaka anashika meza.

Baada ya kemo vikafuata vipindi ishirini na vitano vya mionzi. Cha mwisho kilikuwa wiki iliyopita. Daktari ameangalia vipimo, haoni saratani tena, ingawa atamfuatilia kwa miaka kadhaa. Na mkono? Mwezi ujao aanze na donge dogo, taratibu.

"Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka nesi akaja kufunga mlango!"

Kuna jambo moja tu linalomkera. Kila alfajiri akishasema amina, mumewe haachi kukanda. Leo pia. Amina imeshatoka, mikono ya fundi bado inazunguka beseni.

"Wewe mzee, unauchosha unga! Nimeshasema amina. Masikio yako yamejaa hamira?"

Fundi hainui kichwa. "Miaka yote unautaja mtaa mzima, hujajitaja hata siku moja. Tangu waliponikabidhi mkoba wako pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji, jina lililobaki namalizia mimi."

Mama Hamira anajifuta macho kwa pindo la aproni, mara moja, halafu tena. Wateja wake hawajawahi kuliona jambo hilo.

Mipango yake, anasema akiliachia pindo, ni kurudi kwenye mikate yake mia moja na ishirini, na kukanda mwenyewe.

"Mwezi ujao kiti hiki utakaa wewe," anamwambia mumewe.

"Nikae nifanye nini?"

"Utaje majina. Na lile la mwisho lisikutoke."