Tangawizi Zilizoota Gizani

Tangawizi mbichi ikivunjwa, ikatoa ile harufu yake kali iliyochanganyika na udongo, mimi hutazama kwanza mlango uko wapi. Juzi nilishika kipande kinene sokoni Kariakoo, kina vidole na vinundu, muuzaji akaniuliza nataka kiasi gani, nikabaki nimeduwaa. Akaniona nimechanganyikiwa, akahudumia mteja mwingine.

Basi ninyi niwaambie, maana watu wanaokuja kuona kazi zangu siwaambii. Wanazunguka yale maumbo ya vitambaa ninayoyashona na kuyaning'iniza darini, yenye mikia na matumbo na machipukizi, mengine marefu kuliko mimi, halafu wanauliza: hivi ni viumbe vya baharini? Ni uyoga? Ni utumbo wa mnyama? Huwa nawajibu ukiona vyaelea jua vimeundwa, tunacheka, tunaachana. Ukweli ni kwamba vyote vilizaliwa katika chumba kimoja cha uani kwa bibi yangu, Gerezani, na jina la mtaa huo halikunichekesha hata kidogo wakati ule.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimefaulu, nangoja kuanza kidato cha kwanza mwezi wa kwanza. Katikati ya kungoja huko nikavunja ungo. Mama alitaka jambo liishe kwa pakiti ya pedi na maneno mawili matatu. Bibi, mama yake mzazi, Mzaramo wa Maneromango aliyeuza tangawizi na manjano Kariakoo tangu mama hajazaliwa, hakutaka hata kusikia. Mjukuu wake wa kwanza wa kike angewekwa ndani, afundwe, achezewe ngoma, ndipo atoke.

"Hata wewe nilikuweka," alimwambia mama. "Ulikufa?"

"Shule inafungua mwezi wa kwanza, mama."

"Ngoma itapigwa ndugu wa Maneromango wakishavuna."

Ndugu wa Maneromango hawakuwa watu wa haraka, na hilo ukoo mzima ulilijua. Mama aliinama akakaza kilemba chake. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya bibi. Magunia ya tangawizi ukuta mmoja, godoro langu la sufi ukuta wa pili. Dirisha lilizibwa kwa ubao, na juu ya ubao ikatundikwa khanga, eti mwali asionekane. Kabla ya saa nne asubuhi bati lilikuwa limeshaanza kulia ta! ta! kwa joto. Sikuruhusiwa kuonekana na mwanamume wala kupaza sauti. Nikitaka kwenda chooni nagonga mlango, anakuja mpangaji wa kike na khanga, ananifunika gubigubi, ananiongoza.

"Mwali hasemi," aliniambia Bi Mwajuma, somo yangu, aliyepewa kazi ya kunifunda. "Mwali husemewa." Alikuwa mama mwenye moyo mzuri na sauti ya kukwaruza, ila alikuwa na tabia ya kusinzia katikati ya somo, kwa hiyo siri nyingine za unyumba nilizipata nusu, na nusu hiyo ndiyo niliyoingia nayo kwenye ndoa.

Nje ya ubao dunia iliendelea bila mimi. Machinga mmoja wa nguo alikuwa na kipaza sauti chenye maneno aliyoyarekodi, yakirudia kutwa: "Shika, chagua, ondoka! Shika, chagua, ondoka!" Dar es Salaam nzima iliambiwa iondoke isipokuwa mimi. Kwenye msumari mlangoni ilining'inia sketi yangu mpya ya shule, ya buluu, ambayo mama aliinunua mapema ili bibi aione. Nilikuwa nikilala naitazama, nikiamka naitazama, na kila siku ilizidi kunuka tangawizi. Nililia sana siku za mwanzo. Baadaye hata kulia kulinichosha.

Ndipo nikaona magunia yanaota. Tangawizi zilizokaa gizani zilikuwa zimetoa machipukizi, meupe kwanza, halafu ya kijani kibichi, yakatoboa nyuzi za gunia na kuinama yote upande mmoja, kwenye ufa wa ubao ulioingiza mwanga mwembamba. Hazikuwa na udongo wala maji, lakini zilikuwa zinaenda. Nikazitoa moja moja. Hii mama aliyebeba mtoto, hii mguu wenye vidole saba, hii sijui nini, ila inasikiliza. Nikazipenda kama ndugu, maana sisi sote tulikuwa tumewekwa.

Bi Mwajuma alikuwa ameniletea sindano, uzi na khanga kuukuu, nijifunze kushona vitambaa vya siku zangu. Nikashona viwili. Vilivyofuata vikaanza kutoa vidole. Nikafumua pembe ya godoro, nikachomoa sufi, nikavijaza, vikanenepa. Nikashona vinundu juu ya matumbo, mikia juu ya vinundu, nikavitundika kuzunguka sketi, na machipukizi yao yote nikayaelekeza kwenye ufa.

Mchana mmoja Bi Mwajuma akaingia na uji, na safari hii aliviona, maana nilikuwa nimetundika kimoja kikubwa kuliko vyote. Aliweka bakuli chini taratibu.

"Nani kakufundisha haya?"

Mwali hasemi. Nikanyamaza, kama alivyonifunda mwenyewe.

Akaita wanawake wawili wa uani. Wakatazama: havina macho, havina midomo, vimevimba, vyote vimeelekea upande mmoja. Wakaniuliza tena, nami nikazidi kunyamaza, nikidhani wananipima kama nimeelewa mafunzo. Kumbe kimya changu ndicho kilichokuwa kikiniangamiza.

"Humu ndani mtoto hayumo peke yake," akasema Bi Mwajuma. Wakakubaliana kwamba nina pepo, na mwali mwenye pepo hatolewi nje mpaka apungwe, na mganga yuko safarini Mafia. Shule ilikuwa inafungua Jumatatu.

Bibi alirudi kutoka sokoni akiwa bado na aproni yake yenye manjano. Wakamweleza wote kwa pamoja. Alikitundua kile kikubwa, akakifinya, akakinusa, akakaa nacho juu ya gunia. Halafu akauliza kwa sauti ile wanayomsemeshea pepo akishapanda kichwani:

"Haya, wewe. Unataka nini?"

Sikujua anakiuliza kitambaa au ananiuliza mimi. Akaweka sikio juu ya kichwa changu. Nilisikia jasho lake likinidondokea utosini.

"Anataka nje," akawaambia. "Anataka shule. Asipopelekwa Jumatatu, mtoto ataharibika."

"Pepo wa shule?" akauliza Bi Mwajuma.

"Mjini hapa. Mapepo nayo yanasoma."

Hakuna anayebishana na pepo akishasema anachotaka. Ngoma ikasogezwa hadi likizo, na Jumatatu nikatoka. Mwanga uliniuma macho mpaka nikapepesuka, na wasichana wa darasa langu jipya wakanikwepa kwa sababu ya harufu ya sketi. Kwa miaka mingi niliamini kweli kwamba nina pepo msomi, na kabla ya kila mtihani nilimwomba radhi kwa kutosoma vya kutosha.

Nilipofanya onyesho langu la kwanza bibi alikuwa mzee sana. Tulimkalisha kwenye kiti katikati ya maumbo yangu, akayatazama moja moja. Nikachuchumaa karibu yake.

"Bibi, siku ile pepo ulimsikia kweli?"

"Nilimsikia," akasema. "Nilianza kumsikia nikiwa ndani mimi, Maneromango. Nilitoka naolewa. Wewe ulipata wa kukusemea."

Kisha akamwita kijana wa pale, akamwambia aache mlango wazi.

Siku zote bibi alilala na mlango wazi, masika na kiangazi, mbu wakimla, na sisi wajukuu tulikuwa tukimcheka kwamba bado ana ushamba.