Ngozi Tuliyoipeleka Nambis

Nilipokuwa mdogo, kule kwetu Tlawi, siku ya kuogesha ng'ombe ilichangamka karibu kama siku ya mnada. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, kila nyumba ilitoa ng'ombe wake na kuwaelekeza joshoni. Josho lilikuwa mfereji wa saruji wenye kina kirefu, uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe walisukumwa mmoja mmoja, wakaruka, wakazama mpaka masikioni, wakaibuka upande wa pili wakipiga chafya na kuchuruzika. Watoto tulirudi nyumbani tukinuka dawa, na mama zetu hawakutugombeza. Harufu ile maana yake ilikuwa maziwa.

Hakuna aliyeuliza dawa inatoka wapi. Ilikuwa ya serikali. Bwana mifugo naye alikuwa wa serikali, kijana mrefu mwenye pikipiki iliyosikika tangu akiwa ng'ambo ya kilima. Ukimpelekea habari kwamba ndama amelala hanyanyuki, alikuja hata kwenye mvua, akavua koti mlangoni, akapiga magoti kwenye samadi bila kuangalia suruali yake. Mama yangu alimpenda kama mdogo wake. Kila alipokuja alimpa maziwa ya mgando, na yeye alikunywa akiwa amesimama.

Kisha dawa ikakoma. Kwanza ilichelewa, halafu ikaja nyepesi, halafu haikuja. Tukaitwa mkutano wa kijiji, mwenyekiti akatueleza kwamba mambo yamebadilika, soko sasa ni huria, mfugaji ajihudumie.

Mzee mmoja akainuka akauliza, "Huria maana yake nini, mwenyekiti?"

"Maana yake kila mtu anunue mwenyewe."

"Na asiye na uwezo?"

Mwenyekiti akafungua ajenda nyingine.

Mvua ikajaa joshoni, maji yakawa ya kijani, vyura wakahamia. Bwana mifugo akapunguzwa kazini pamoja na wenzake, na baadaye tukasikia amefungua duka la dawa za mifugo Mbulu mjini. Ng'ombe wakaanza kufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, mmoja huku, wawili kule. Katika miaka hiyohiyo baba yangu aliugua kifua akafariki, na wale ng'ombe wachache ambao kupe waliwaacha waliishia kwenye matibabu yake na mazishi yake. Tukabaki mama, mimi na wadogo zangu wawili, na zizi lililojengwa ndani ya nyumba kama ilivyo desturi yetu, likiwa tupu. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na baridi kama mwaka ule. Joto la ng'ombe hulijui mpaka ulikose.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja wa kijiji cha Nambis, rafiki ya mama tangu usichana wao. Alikuja kuhani, akakaa nasi, akaona zizi. Wiki chache baadaye akarudi akiswaga mtamba mwekundu mwenye mimba. Hakuuza, hakutoa zawadi. Kwetu kuna desturi: mwenye ng'ombe humpa asiye naye amtunze. Maziwa ni ya mtunzaji, samadi ni ya mtunzaji, ng'ombe na uzao wake ni wa mwenyewe, na siku moja anaweza kukuachia ndama kwa wema wako. Ng'ombe akifa, unampelekea mwenyewe ngozi na nyama, ili ajue hukumuuza wala kumficha.

"Mkae naye," alimwambia mama. "Watoto hawa wanywe."

Alizaa, na tulikunywa; ndama alipoacha kunyonya tulimrudisha kwa mwenyewe. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa ameanza kuvimba miguu, alipona kwa maziwa ya yule mwekundu. Samadi ilirudi shambani, mahindi yakaacha kuwa ya njano. Kila jioni mama alimpekua yule ng'ombe masikioni na chini ya mkia, akitoa kupe kwa vidole na kuwatupa motoni. Lakini kupe hawaishi kwa vidole.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba bila kuchaguliwa kwenda sekondari wakati mradi ulipokuja. Ulikuja kwa gari jeupe, na wageni waliongea vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuongea kwenye kijiji chetu. Walisema wamesikia kilio cha wafugaji. Walisema josho litafufuliwa, saruji wataleta wao, dawa wataleta wao, sisi tuchangie nguvu za wananchi tu. Watu walipiga makofi. Mama yangu alipiga vigelegele, na sijui kama nilikuwa nimemsikia akipiga tangu baba afariki.

Nguvu za wananchi, ukitazama vizuri, zilikuwa za wanawake. Wanaume walikuja siku za mwanzo, wakapima, wakabishana, wakapungua. Mawe tuliyapasua sisi na kuyabeba sisi. Mchanga tuliutoa korongoni kwa ndoo kichwani, tukipanda ule mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza hata kwa mbuzi. Siku moja jiwe lilimponyoka mwenzetu aliyekuwa juu, likambana mama vidole vya mkono wa kushoto. Kidole cha kati hakikukunjika tena maisha yake yote. Alikifunga kitambaa, akakaa chini kidogo kwenye kivuli, kisha akaomba ndoo yake.

"Mama, twende nyumbani," nilimwambia.

"Ng'ombe si wangu," alijibu. "Akifa nitasema nini Nambis?"

Siku ya ufunguzi tulifagia njia. Mgeni rasmi alitoka mbali, akakata utepe uliofungwa kwenye nguzo za mti. Walitafuta ng'ombe wa kutangulia kwa ajili ya picha, wakamchagua yule mwekundu wetu kwa sababu alikuwa amenona na mpole. Akaruka, akazama, akaibuka, na watu wakashangilia. Mgeni rasmi alitwambia josho sasa ni mali yetu, tulitunze kama mboni ya jicho. Halafu walikula pilau pale ofisi ya kijiji, nasi tulirudi kwenye palizi.

Dawa ilidumu msimu mmoja na kidogo. Ilipoisha, kamati ya josho ilipiga hodi ilikoambiwa ipige hodi. Huko wakajibiwa kwamba mradi umefika mwisho na umekabidhiwa kwa wananchi. Yaani kwetu. Tulikuwa tumekabidhiwa shimo. Kamati ikaenda wilayani, wilaya ikasema swali hilo ni la mkoa. Na wakati huo mkoa wenyewe ulikuwa umegawanywa: zamani tulikuwa Arusha, sasa tulikuwa Manyara, na makao makuu yalikuwa Babati. Katibu wa kamati, mzee aliyekuwa katekista wa kigango chetu, alisafiri mpaka Babati akiwa na koti lake la ibada. Aliporudi tulimzunguka nje ya kanisa.

"Wamesema nini?"

"Wamenipokea vizuri," alisema. "Chai wamenipa. Wamesema mambo ya josho letu yalipangwa Arusha, kwa hiyo Arusha ndiko wanakojua. Na Arusha watasema sisi ni wa Manyara." Akavua kofia akaikung'uta. "Ndugu zangu, nadhani hatuko mahali popote."

Watu walicheka. Mama hakucheka.

Yule mwekundu alianza kuugua mwanzoni mwa mvua za masika. Asubuhi hakutaka majani. Mama alimpapasa chini ya masikio akakuta tezi zimevimba kama viazi, na mwili unachoma. Hatukuhitaji kuambiwa. Tulifunga debe la maharage ya mbegu, yale tuliyokuwa tumeyatenga kupanda wiki hiyo, tukashika njia ya Mbulu mjini.

Duka lilikuwa karibu na soko, limepakwa rangi mpya. Bwana mifugo wetu wa zamani alikuwa nyuma ya kaunta. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona mama alisimama haraka.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Mwekundu ana ndigana. Njoo umtazame."

Akatazama chini. "Mama, siku hizi siwezi kutoka hivyo. Nikifunga duka nani atauza? Na pikipiki inakula mafuta."

"Nimekuja na maharage."

"Dawa ya ndigana ni ghali, mama. Sipangi bei mimi."

Walitazamana. Nilitegemea atavua koti lake jeupe la dukani na kusema twendeni. Nilikuwa na hakika kabisa. Mtu yule alikuwa amepiga magoti kwenye samadi yetu, amekunywa maziwa yetu akiwa amesimama mlangoni. Lakini aliinua debe, akalipima kwa mikono, akaingia ndani, akatoka na sindano na kichupa ambacho hakikujaa.

"Hii ni nusu ya kinachotakiwa," alisema. "Inaweza kumsaidia. Mchome shingoni. Kesho ukipata kitu kingine, uje nikupe iliyobaki."

"Wewe ulikuwa unakuja," mama alimwambia. Hakupaza sauti.

"Nilikuwa nalipwa nije, mama."

Sijamchukia kwa jibu hilo, ingawa nilijaribu kwa miaka mingi. Lilikuwa la kweli. Wema wake wote tuliokuwa tukiusifu ulikuwa na mshahara nyuma yake, na aliyeuondoa mshahara aliuondoa na wema. Sisi tulidhani ni tabia ya mtu.

Mama alimchoma yule ng'ombe mwenyewe, kwa mkono wenye kidole kisichokunjika, mimi nikimshika pembe. Alipata nafuu siku moja, akanywa maji, tukafurahi. Kisha pumzi ikawa nzito, povu likamtoka puani, akalala upande. Alikufa mchana, mlango ukiwa wazi, wadogo zangu wakimtazama. Tumboni alikuwa na ndama mwingine.

Tulimchuna kwa msaada wa majirani. Mama alikunja ngozi na kuifunga kamba, tukapakia nyama kwenye punda wa kuazima, tukaenda Nambis. Tulipofika, rafiki yake alikuwa anapepeta ngano uani. Aliona ngozi kabla hajatuona sisi, akaweka ungo chini.

Alitukaribisha kwa heshima zote. Alitupa uji wa moto, akampa mama pole, akaikunjua ngozi ile akaipapasa kwenye baka jeupe la kifuani, akaikunja tena. Kijana wake mkubwa, aliyekuwa akifanya biashara ya ng'ombe katika mnada wa Dongobesh, alisimama mlangoni akasema ngozi haisemi ng'ombe alikufaje. Mama yake akamfukuza kwa ukali. Halafu akamgeukia mama.

"Wewe sikulaumu. Lakini sitagawa tena ng'ombe. Si kwako, si kwa mtu yeyote."

"Kwa nini?"

"Zamani nikitoa ng'ombe nilijua kuna josho, kuna dawa, kuna mtu wa kumwita. Nilikuwa namkabidhi kwako na kwa serikali. Sasa namkabidhi kwako peke yako, na wewe huna kitu. Waliobaki nitawauza kabla hawajanifia."

Na aliwauza. Nambis na Tlawi, wengi walifanya hivyo mwaka ule na mwaka uliofuata. Watu husema ni kupe waliomaliza ng'ombe wetu. Mimi naona kilichokufa zaidi ni ule mtindo wa kupeana, ambao haukuandikwa na mradi wowote, uliokuwa umelisha wajane na yatima kabla hatujajua neno msaada. Hakuna mgeni rasmi aliyekuja kuuzika.

Sisi tulipanda kwa kuchelewa, mbegu za kuomba, shamba bila samadi. Nilikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya ngano upande wa Hanang, na baadaye kupika kwenye hoteli ya familia moja ya wafanyabiashara Katesh, watu wema, walionilipa kila mwisho wa mwezi. Mdogo wangu wa mwisho aliacha shule. Mama na rafiki yake waliendelea kusalimiana wakikutana kanisani, wakiulizana habari za watoto. Hawakutembeleana tena majumbani.

Miaka mingi baadaye nilikuwa likizo nyumbani mradi mwingine ulipofika, huu wa kuchimba mabwawa. Gari jeupe, watu wenye maneno mazuri. Mwezeshaji, binti wa umri wangu, alipotamka nguvu za wananchi, mama alisimama katikati ya mkutano, akajifunga kanga upya, akaanza kuondoka.

"Mama, mbona unatuacha?" binti alimuuliza kwa upole. "Maendeleo ni ya kwenu."

"Nimechoka kuchangia," mama alisema. "Mkimaliza kuchimba, mniite ninywe maji."

Watu waliangua kicheko, na mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa mtoto wa yule wa zamani, aliomba radhi kwa wageni. Toka siku ile pale kijijini walimwita mpinga maendeleo. Mwanzoni ilikuwa utani, baadaye haikuwa tena. Jina lake halikuwekwa kwenye kamati yoyote, na mbolea ya ruzuku ilipokuja, nyumba yake ilirukwa. Nilitaka kwenda kugombana, akanizuia. Alikuwa anachambua mchicha kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiwa umelala kwenye paja.

"Waache," alisema. "Chumvi imekwisha. Pita dukani kabla hawajafunga."