Mimea Dume

Jirani yangu mwenye shamba la matunda ya kiwi hufuta mkasi kwenye gauni kabla ya kukata kila tawi, hata ukiwa safi. Mwaka jana alipolazwa hospitali, mdogo wa mumewe, mwenye uchungu na faida, aliikata mimea dume yote kwa kuwa haizai na inakula mbolea bure. Msimu huo maua ya mimea jike yakakosa chavua ya dume, yakapukutika bila kushika tunda, na lori la mnunuzi likaondoka tupu. Jirani hakufoka. Leo nimemkuta amepiga magoti, anaunga vijiti vya dume alivyoomba kwa wakulima wenzake kwenye visiki vilevile vilivyokatwa ili vichipue upya, shemeji yake yuleyule akimshikia kamba ya kufungia.

"Kaza, shemeji," akamwambia bila kuinua macho. "Ukilegeza, tutauza majani tena."