Kambare wa Bahi na Ukanda wa Ngozi

Saa moja asubuhi, maji ya mbuga ya Bahi yanamfika Matonya magotini. Anapapasa topeni, anatulia, kisha anaibua kambare mrefu kama mkono wake, amemshika nyuma ya kichwa. Samaki anapiga mkia na Matonya anacheka.

"Wanasema huyu ni nyoka aliyehamia majini," anasema. "Nyoka gani ana masharubu?"

Kwa Wagogo wenzake hilo si jambo la mzaha. Kambare hana magamba, anateleza, na akichoma, mkono huvimba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hata mwaka ule wa njaa, ng'ombe saba wa Matonya walipobaki wawili, watu walilala na njaa kando ya maji yaliyojaa samaki. Yeye aliingia.

Siku ya tatu akachomwa kiganjani. Mama yake, Anyesi, akafanya kama afanyiwavyo aliyeumwa na nyoka: akamfunga ukanda wa ngozi ya ng'ombe juu ya kiwiko, akaukaza kwa meno. Kufika jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, vinaanza kuwa vyeusi.

Mwajabu, mama kutoka Kondoa anayewapelekea samaki wakavu wajenzi wa reli ya Mdachi, alipita akasikia kilio. Alichomoa kisu, akakata ukanda.

"Unaniulia mwanangu," Anyesi alimwambia, amemkamata nguo.

"Mama, samaki huyu si nyoka. Ana miiba miwili tu, huku na huku ya kichwa. Chemsha maji, atie mkono humo yakiwa na joto analoweza kulivumilia. Kinachouozesha mkono huu ni ukanda wako."

Mkono ulipona, ukabaki na kidole kimoja kilichokakamaa. Leo Matonya huibua kambare hata ishirini kwa asubuhi, na wa kwanza humwekea Mwajabu, bila bei.

"Kila nikishika jembe namshukuru," anasema.

Baada ya mavuno anataka kupita vijijini hadi Haneti, awaonyeshe watu miiba hiyo. Anyesi atakwenda naye, ingawa miguu inamsumbua.

"Mazengo, kaka yake, alichomwa kabla yake," anasema mama huyo. "Nilimfunga kwa mikono hii, nikakaza mpaka akafa, nikamlaani samaki miaka minane. Mwajabu aliniachia huyu. Na mimi nikawafungue watoto wa wenzangu."